Jiwe la Mhimili

Nyumba ya kinu iliyo juu ya Ngaramtoni ina kona nne, na kona tatu hakuna anayezitazama. Zimejengwa kwa jiwe jeusi la mlima, gumu, lililokaa pale lilipowekwa tangu enzi za Mjerumani. Kona ya nne, ile inayopakana na shimo la gurudumu, ndiyo inayowafanya wapita njia wasimame. Hiyo ni ya jiwe jekundu jepesi, ambalo mtoto anaweza kulikwangua kwa ukucha, na maji yamelila mpaka ukuta umebonyea ndani kama shavu la mzee asiye na meno. Watu hucheka, husema fundi wa kona hii alikuwa mvivu, au mlevi, au vyote viwili.

Hakuwa mvivu, na pombe hakuigusa maisha yake yote. Alikuwa mwoga, hilo halina ubishi. Lakini hata woga una namna zake, na wa kwake ulimfanyia kazi ambayo mashujaa wengi wangeikimbia.

Jina lake lilikuwa Mikidadi, mzaliwa wa Pangani, mwashi na mtoto wa mwashi. Alifika Arusha akiwa kijana, katika msafara uliobeba chokaa ya kujengea boma la Wajerumani. Boma lilipokwisha wenzake walirudi pwani. Yeye alibaki, kwa sababu alikuwa amemwona Namnyaki akipita na vibuyu vya maziwa, na baada ya hapo pwani ilikuwa mbali mno. Wakaoana. Wakajenga nyumba ndogo chini ya mlima, wakazika watoto wawili kabla hawajajua kutembea.

Kosa la Mikidadi lilianza zamani, kabla ya kinu. Aliishi kati ya Waarusha miaka kumi na miwili, akala nao, akaoa kwao, na bado hakujua nusu ya wanayoyaheshimu, kwa kuwa hakuwahi kuuliza. Aliziona nyumba zao za miti na udongo, akaamua moyoni kwamba watu wasiojenga kwa mawe hawawezi kumwambia mwashi neno lolote kuhusu mawe. Mtu wa Pangani, wa kwenye maghorofa ya chokaa! Alijisikia sana, na nani wa kumtoa huko?

Mwaka ambao reli ilifika Moshi, mlowezi mmoja Mjerumani akaja na wazo la kinu cha maji. Watu walimwita Bwana Pima, maana hakuacha kupima. Alipima kijito, akapima mteremko, akapima hatua za vibarua, na mfukoni mwake timazi, ule uzi wenye risasi wa kupimia wima wa ukuta, haikukosekana. Gurudumu lake la chuma na mbao lilitoka Ulaya likiwa vipande vipande, likapanda na reli hadi Moshi, kisha likaburuzwa na magari ya ng'ombe mpaka Ngaramtoni. Nyumba ya kulipokea ilitakiwa iwe imesimama kabla ya masika.

Ilikuwa nyumba ya ajabu kwa macho ya watu wa huku. Chini, chumba chenye giza cha meno ya mashine. Juu, sakafu ya mbao za mtarakwa, na juu ya sakafu mawe mawili ya kusagia, mapana kama meza. Kuta zilikuwa na unene wa mkono mzima. Madirisha yalikuwa membamba, mapana kwa ndani na finyu kwa nje, na Mikidadi hakuhitaji kuambiwa ni ya nini. Alikuwa amejenga ya namna hiyo bomani. Ni nyumba ya kusaga mahindi, lakini aliyeichora alikuwa anaogopa majirani zake.

Kona tatu zilipanda bila taabu. Ya nne ilikwama. Jiwe jeusi la karibu lilikwisha, na lile jekundu halifai kukaa karibu na maji, kila mwashi anajua. Mawingu yalianza kukusanyika kwenye bega la Meru. Bwana Pima alisimama mbele ya msingi ule akiwa na saa mkononi.

"Siku nne," alisema. "Siku ya tano mhimili wa gurudumu unalazwa. Kona isipokuwa tayari, utanieleza ukiwa bomani."

Bomani maana yake hamsa ishirini, viboko ishirini na tano vya ngozi ya kiboko. Mikidadi aliwahi kuwaona waliotoka kuvipata. Hawakuwa wakitembea wima.

Kesho yake alipanda mlimani na Msafiri, mwendesha gari la ng'ombe kutoka Tabora, mtu wa maneno mengi na mgeni kama yeye. Walifuata njia ya zamani ya mifugo, wakitazama huku na huku, na penye mpindo wa njia wakakuta lundo. Mawe meusi! Magumu, yenye ukubwa wa kazi, yamepangwa vizuri mpaka kimo cha kifua, yameota ukungu wa kijivu. Na kati ya mawe kulikuwa kumechomekwa mafungu ya majani mabichi.

"Nani kakusanya?" Msafiri aliuliza.

"Atakuwa mtu aliyesafisha shamba lake," Mikidadi alijibu.

"Na majani?"

"Ng'ombe wamedondosha."

Ng'ombe gani anayechomeka majani kati ya mawe? Lakini hilo Mikidadi hakujiuliza. Aliyang'oa majani yale, akayatupa kando, akagonga jiwe la juu kwa nyundo. Lililia kama kengele. Siku hiyo ilikuwa ya soko na njia ilikuwa tupu, na kufika alasiri walikuwa wamelihamisha lundo zima, likabaki duara la ardhi nyeupe lenye wadudu wanaokimbia jua.

Kona aliyoijenga kwa mawe yale ilikuwa kazi bora kuliko zote za maisha yake. Yalishikana kama yaliyozaliwa pamoja. Jiwe kubwa kuliko yote, pana na bapa, lile lililokuwa juu kabisa ya lundo, alilichonga katikati kitako cha mviringo, akaliweka kando ya shimo la gurudumu libebe ncha ya mhimili. Siku ya tano watu ishirini waliunyanyua mhimili kwa kamba na kuulaza hapo. Bwana Pima alishusha timazi, akaweka pimamaji, akachungulia, akachungulia tena, kisha akasema neno moja la Kijerumani ambalo Mikidadi alilijua. Zuri.

Furaha hiyo haikufikisha wiki.

Siku ya soko iliyofuata alishuka Ngaramtoni kununua chumvi, akakuta sokoni kimya. Wanawake wamekaa na mizigo yao bila kupatana bei. Katikati amesimama Mzee Lekishon, ndugu wa mama yake Namnyaki, mtu mrefu, mkavu, ambaye hata kicheko chake hutoka taratibu. Mkononi ameshika fungu la majani mabichi.

"Baba yetu Lesikar amevuliwa nguo," alisema Lekishon. Hakupaza sauti. "Mawe yake hayapo. Kila aliyepita njia ile tangu sisi watoto aliweka jiwe, akaweka na majani, akamwombea heri. Leo amelala uchi juani. Aliyeyachukua ayarudishe kabla ya soko la pili. Hatutamtafuta wala kumwuliza. Lakini soko la pili likipita, tumeshatuma watu Umeru kuleta chungu."

Mtu mmoja nyuma ya Mikidadi alivuta pumzi, kisha watu wakaanza kukusanya mizigo yao ingawa jua lilikuwa bado juu.

Mikidadi alisahau chumvi. Miguu yake ilijua njia ya nyumbani, bahati yake, kwa sababu yeye mwenyewe hakuona kitu. Lesikar! Alikuwa amelisikia jina hilo mara ngapi? Lesikar ni babu yake Namnyaki, mzaa mama. Alikuwa amebomoa kaburi la babu wa mke wake, akayang'oa majani ya dua kwa mkono wake, akasema ni ng'ombe.

Alimkuta Namnyaki amekaa mlangoni akichambua maharage, tumbo limemtangulia, mwezi wa saba.

"Chungu ni nini?" alimuuliza, akijitia hajali. "Watu sokoni wanasema chungu."

Mkono wa Namnyaki ulisimama. "Nani anavunjiwa?"

"Sijui. Mambo ya mawe."

"Ee, yeyo, mama yangu." Alijishika tumbo bila kujua. "Usilichezee jambo hilo, Mikidadi. Ni chungu cha kulaani. Kikishavunjwa hakirudi nyuma. Kinaanza na aliyechukua, kinakuja kwa watoto, mmoja mmoja, mpaka wa tumboni. Kule Poli kuna boma lilikuwa na watu saba. Leo ni magugu."

"Hata kama mtoto ni wa damu ya hao hao wanaovunja?"

Namnyaki alimtazama usoni. "Chungu hakina macho," alisema, akarudi kwenye maharage yake.

Mikidadi alikuwa Mwislamu, mtu wa kuswali, na vyungu vya watu havikuwa katika dini yake. Alijiambia hivyo usiku kucha. Kulipokucha alikuwa bado anajiambia, na maji ya udhu yakamwagika kabla hayajafika usoni. Alikuwa amezika wawili. Shimo la mtoto halichukui muda kulichimba, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Akaenda kumtafuta Msafiri. Alikuta alama za magurudumu zinazoelekea Moshi na jivu la moto uliozimwa kwa haraka. Msafiri alikuwa sokoni jana. Alisikia kila neno. Mikidadi alisimama pale akitazama zile alama, na kwa kitambo kirefu alitamani kuzifuata. Angeweza kufika Moshi, akapanda reli, akaonekana Tanga kabla chungu hakijatoka Umeru. Lakini Namnyaki hakuwa wa kubebwa safari hiyo, na mtoto angekuwa mtoto wake popote alipo baba yake.

Basi yakabaki mambo mawili. Akimwambia Bwana Pima ukweli, kwamba kona ya kinu chake ni kaburi la mzee, Bwana Pima angecheka, au angewaita askari kuwatawanya wazee wa Ngaramtoni, na mawe yasingetoka. Akikaa kimya, chungu. Mikidadi alizunguka nyumba ile ya kinu siku mbili, akila kidogo na kulala kidogo zaidi. Aliitazama kona yake ilivyonyooka. Laiti angekuwa fundi mbaya, isingemchukua hata jioni moja kuiangusha.

Hapo ndipo alipopata la kufanya.

"Bwana mkubwa," alisema asubuhi ya siku ya tatu, kofia mkononi. "Kona ya gurudumu ni mbovu. Itaanguka."

Bwana Pima aliinua uso. Alichukua timazi, akatoka nje, akaishusha kwenye kona. Uzi ulilala juu ya jiwe kuanzia juu mpaka chini bila kuachana nalo hata kwa unene wa unyasi. Akachukua nyundo, akagonga jiwe. Likalia kama kengele. Akageuka.

"Imenyooka. Ni kona nzuri. Kwa nini unaniambia uongo?"

Jasho jembamba lilimtoka Mikidadi, ingawa ukungu wa mlimani ulikuwa haujainuka. Hakuwa amefikiria kwamba atalazimika kuitukana kazi yake mbele ya ushahidi.

"Kwa nje ni nzuri, bwana. Ndani nilitia udongo. Chokaa nilitia kidogo tu, juu juu. Niliogopa siku nne, nikaharakisha. Maji ya masika yakija, yatauyeyusha udongo, na kona itashuka juu ya gurudumu."

"Chokaa iliyobaki iko wapi?"

Hili nalo hakulifikiria. Chokaa yote ilikuwa ukutani, mahali pake hasa.

"Niliiuza," alisema.

Na kwa neno hilo, mtu ambaye hakuwahi kuiba msumari akawa mwizi. Bwana Pima aliandika kitu katika kijitabu. Uso wake haukuwa wa hasira, ulikuwa wa mtu aliyepima kitu na kukikuta pungufu, na hilo lilimuuma Mikidadi kuliko kama angetukanwa.

"Utaibomoa, utaijenga upya," alisema. "Kwanza utakwenda bomani."

"Mawe yale hayafai tena, bwana. Jiwe lililoshika chokaa mbovu halishiki nyingine. Nitayatupa. Nitajenga kwa lile jekundu na kulipaka."

Bwana Pima alijua kupima, hakujua kujenga, na masika yalikuwa mlangoni. Akakubali. Lakini alipofika kwenye jiwe la mhimili aliweka kiganja juu yake.

"Hili haliguswi. Mhimili umeshakaa, na liko sawa na pimamaji. Ukiligusa hili, utarudi bomani, na safari hiyo hutatoka."

Mikidadi aliitikia, "Ndiyo, bwana." Jiwe la kichwa. La juu kabisa ya kaburi.

Ya bomani tusiyarefushe. Alilazwa chini katika ua ule ule ambao kuta zake alizijenga yeye, mbele ya dirisha aliloliweka mwenyewe, na aliye na kiboko alihesabu kwa sauti. Mikidadi hakuwa shujaa, alilia tangu cha pili. Lakini hata pale, uso ukiwa mavumbini, alikuwa anahesabu hesabu nyingine: siku tatu zimebaki kufika soko la pili.

Aliibomoa kona yake kwa mikono yake. Vibarua walikuwa juu wakichimba mfereji, akabaki peke yake na punda wawili. Kila jiwe alilipeleka kijitoni, akalisugua kwa mchanga mpaka kucha zikang'oka, maana chokaa ilikuwa imeingia kwenye vinyweleo vya mawe na haikutaka kutoka. Shati lilimganda mgongoni, kila akiinama likabanduka. Akapanda na mawe yale mlimani, akayapanga kwa uangalifu wote wa ufundi wake, mduara juu ya mduara. Majani nayo aliyachuma, akayachomeka kama alivyoyakumbuka. Lundo lilipokamilika lilikuwa na kilele kilichopungua. Ulionekana upungufu ule, au aliuona yeye tu? Alirudi nyuma, akatazama, akasogea, akatazama tena. Mawe yalikuwa na weupe weupe uliogoma kutoka.

Siku ya soko la pili alikwenda Ngaramtoni akitembea kama mtu aliyebeba yai. Lekishon alikuwa pale. Mikidadi alimwamkia kwanza, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mkwe." Macho ya Lekishon yalipita juu ya shati lake, yakashuka kwenye vidole vyake, yakarudi usoni. "Tumeyaona mawe. Aliyeyarudisha anajua kama yamekwisha."

Akaenda zake kununua tumbaku.

Anajua kama yamekwisha! Mikidadi aliyarudia maneno hayo njia nzima. Je, chungu kimevunjwa? Kimerudishwa? Kimetundikwa mahali kikisubiri? Hakuwa na wa kumuuliza, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa ungamo.

Mtoto alizaliwa masika yalipopamba moto, msichana, mzima, mwenye sauti. Wakamwita Batuli. Kinu kilianza kusaga. Watu waliokiogopa mwanzoni, waliosema mawe yale ya juu yanasaga na mifupa, walizoea, na wanawake wakaanza kupanda na mifuko ya mahindi siku za soko. Bwana Pima alimweka Mikidadi kutunza gurudumu, maana mwizi unayemjua, alisema, ni afadhali kuliko usiyemjua. Kazi yake ilikuwa kupaka mhimili mafuta ya kondoo, asubuhi na mchana, akiwa amepiga magoti kando ya jiwe lile lile. Hakuna siku aliyoligusa bila kuliomba radhi kimoyomoyo.

Halafu zikaanza kokoto.

Ya kwanza Mikidadi aliiona wakati Batuli ana wiki sita. Kokoto ndogo nyeusi, imekaa juu ya jiwe la mhimili, pembeni, mahali pasipofikiwa na maji. Alidhani imeruka kutoka njiani. Soko lililofuata zilikuwa mbili. Lililofuata, tatu, zimepangwa, na chini ya moja kulikuwa na unyasi mbichi.

Mikidadi alikaa chini palepale kwenye matope. Kuna mtu anajua. Mtu ameligundua jiwe la Lesikar chini ya mhimili wa Mjerumani, na anahesabu. Kila soko, kokoto moja. Zikifika ngapi? Saba, kama watu wa boma lile la Poli? Hakuthubutu kuzigusa. Alikuwa ameng'oa majani mara moja katika maisha yake na ilimtosha. Alipaka mafuta kwa kuzizunguka, na jioni alipofika nyumbani kitu cha kwanza ilikuwa kuweka sikio kifuani mwa mtoto.

"Una nini, Baba Batuli?" Namnyaki alimuuliza. "Mtoto anapumua. Unamwamsha."

"Nasikiliza tu."

Nne. Tano. Alikonda. Usingizi ukamwisha, akawa anasinzia juu ya mhimili, na mara moja nusura gurudumu limchukue mkono. Sita. Alianza kutazama kila uso uliokuja kusaga. Huyu? Yule? Kila aliyemsalimia alimwona ana jambo. Siku moja Lekishon alikuja na punda wake wa mahindi, akasimama kitambo karibu na shimo la gurudumu akitazama maji, na Mikidadi akajificha ndani, kwenye chumba cha giza, mgongo ukutani, mpaka aliposikia kwato za punda zikishuka.

Saba zilifika, na jioni ile ile Batuli akapata homa.

Ilikuwa homa kali. Mtoto aliwaka, akakataa ziwa, macho yakawa ya kioo. Namnyaki alimkanda kwa maji na kumchemshia majani, Mikidadi akakaa pembeni bila msaada wowote, akiwa na hakika. Haikuwa dhana tena. Chungu kilivunjwa, saba zimetimia, na kwa kuwa yeye alinyamaza, anayelipa ni huyu. Siku ya nne homa ilipungua kidogo, mtoto akanyonya. Lakini yeye alishaamua. Siku ya soko atamngoja mwenye kokoto, yeyote awaye, ampigie magoti, amwambie ni mimi, nichukueni mimi. Kisha atachukua nyundo na nondo, aling'oe jiwe, mhimili uanguke, gurudumu livunjike, na Bwana Pima afanye atakalo.

Siku ya soko alilala kifudifudi juu ya sakafu ya mtarakwa, jicho kwenye tundu la lile dirisha jembamba linalotazama shimo la gurudumu. Dirisha lilitengenezwa kwa kumwona adui bila kuonekana, na kwa kazi hiyo lilifaa sana. Mawe ya kusagia yalinguruma nyuma yake, unga ukamwangukia nywele. Wanawake walipanda, wakashuka. Jua lilikuwa limefika utosini alipomwona mmoja akiacha mfuko wake kwenye foleni na kuzunguka nyuma ya nyumba, akitembea kwa uangalifu juu ya mawe yenye utelezi, mtoto mgongoni.

Alikuwa Namnyaki.

Alipiga magoti pale Mikidadi anapopigia yake. Alifungua kiganja, akaitemea mate kidogo kokoto iliyokuwa ndani, kama wazee watemavyo mate kumbariki mtoto, akaiweka ya nane kando ya nyingine. Akachomeka unyasi. Midomo yake ilikuwa inasema kitu ambacho gurudumu halikumruhusu Mikidadi kukisikia.

Alishuka ngazi bila kujua anavyoshuka. Namnyaki alipomwona, mweupe wa unga toka kichwani mpaka kiunoni, alishtuka akashika ukuta.

"Ni wewe," Mikidadi alisema. "Ulijua. Tangu lini?"

"Ulirudi mgongo umechanika na kucha zimejaa chokaa, ukasema umeanguka kwenye jukwaa." Aliachia ukuta. "Mimi nilikuosha mgongo ule, Baba Batuli. Nisijue? Na jiwe hili nimelijua tangu nashikwa mkono na mama. Ndilo nililokuwa naweka kokoto zangu, kwa sababu lilikuwa bapa, hazidondoki."

"Na chungu?"

"Chungu kilirudi Umeru siku ya tatu baada ya mawe kurudishwa. Mjomba aliiona kona ilivyobomolewa, akasema yeye hamvunjii chungu mtu aliyejichapisha bomani kwa ajili ya Lesikar. Nilimwambia jiwe la kichwa limebaki. Akasema basi na njia imehamia hapo. Kila anayepita aweke kokoto."

Mikidadi aliketi. Miezi miwili! Miezi miwili amekufa kila siku asubuhi na mchana, mafuta ya kondoo mkononi, kwa ajili ya dua za mke wake mwenyewe.

"Kwa nini hukuniambia?" alisema, na hasira ilikuwa ndani ya kilio. "Uliniona ninavyokwisha. Kwa nini?"

Namnyaki alimshusha Batuli mgongoni, akampakata, akamfunika kichwa kwa kona ya shuka.

"Niliona alama za gari la Msafiri," alisema. "Nilikuona umesimama unazitazama. Nikaogopa. Nikasema, akijua kwamba najua, ataona aibu, atazifuata. Nikanyamaza ili ubaki."

Gurudumu liligeuka juu yao, likamwaga maji, likageuka tena. Watu walikuwa wanamwita Mikidadi toka upande wa pili, mhimili unalia, unataka mafuta. Alipekua matopeni kwa vidole vyake visivyo na kucha nzima mpaka akapata kokoto. Hakujua maneno yanayosemwa, akamuuliza mke wake, na ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili kumuuliza jambo lolote kuhusu mawe.